Ubongo Nilioushona kwa Blanketi

Ule ubongo niliushona mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na bado nina hasira. Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa, na kila nikianza najikuta naandika matusi, halafu nachana karatasi. Leo nitajaribu kuandika kwa haki. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo kama kuna mahali sikuelewa, hilo ni langu, si la waliosoma.

Mimi ni fundi wa nguo Kitale. Kibanda changu kiko nyuma ya soko na kazi yangu kubwa ni sare za shule na majoho ya kwaya. Siku moja alikuja mwanamume mmoja mpole, mwenye miwani, akasema anaongoza kikundi cha michezo ya kuigiza, wengi wao vijana wanaosoma kule chuo kikuu cha Kibabii, na wanataka kushonewa ubongo. Nikamwambia hapa tunashona sketi. Alicheka, akanionyesha picha kwenye simu. Alitaka ubongo wa kitambaa, mkubwa kama kochi la watu wawili, unaoweza kubomolewa kipande kipande na kurudishwa.

Niliipenda kazi hiyo, siwezi kukana. Nilitafuta blanketi kuukuu za kijivu, nikazichemsha kwa majani ya chai zikapata rangi ya nyama, nikajaza mabaki ya vitambaa, na ile mikunjo nikaikaza kwa sindano ya magunia. Kila kipande nilikishikiza kwa kile kitambaa cha kunata cha viatu vya watoto, ili kikivutwa kitoe mlio wa kuchanika. Mwongozaji aliupenda ule mlio kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa anapita jioni, anakaa kwenye benchi la wateja, ananifundisha. Hapa pembeni maneno yanakaa. Hapa chini, kumbukumbu. Hapa mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo breki zilipo: ndipo mtu anapojizuia asiseme kila linalomjia. Akaniambia kwamba ukiutafuta huo "mimi" humo ndani, huupati mahali popote. Kuna vipande tu vinavyosemezana, na ile sauti inayojiita mimi ni kama mtu anayesoma maazimio ya mkutano ambao hakuwa ndani yake. Nilimwuliza, basi siku ya hukumu atasimama nani? Akasema ni swali zuri. 

Ndipo nikamweleza kuhusu kaka yangu. Hakuniuliza, na hilo lazima niliseme. Nilianza mwenyewe, kwa sababu alikuwa amekishika kile kipande cha mbele mapajani.

Kaka ndiye kifungua mimba wa mama yetu. Alikuwa dereva wa trekta za miwa kwetu Kabuchai, na kabla ya ajali alikuwa mtu wa watu. Akiingia harusini ndiyo harusi inaanza. Aliimba besi kanisani, na kila mtoto wa jirani alimjua kwa jina. Pia alikuwa mtu wa ahadi tamu. Nilipohama nyumba aliniahidi kuja kunichimbia choo, na kila mwaka aliahidi upya kwa maneno mazuri hadi nikasahau kukasirika. Kisha siku moja ya mvua trela lililojaa miwa likapinduka mteremkoni, akarushwa, kichwa kikagonga jiwe. Alilazwa huku Kitale, nami nikawa nampelekea uji. Alipozinduka alinitambua. Alitutambua sote. Daktari alisema kumbukumbu iko sawa, ila ile sehemu ya mbele imeumia.

Aliyetoka hospitali alikuwa anasema kila anachofikiria. Alimwambia pasta mahubiri yake ni marefu kama foleni ya matrekta kiwandani. Alicheka matangani. Alimwambia mkewe mbele ya wageni kwamba mboga haina chumvi, na haijawahi kuwa na chumvi tangu waoane. Akikasirika anarusha kilicho mkononi, hata kama ni kikombe cha chai ya moto. Kuimba aliacha kabisa. Lakini ukimwambia njoo Jumanne, Jumanne yuko mlangoni. Choo changu alikuja akakichimba bila kukumbushwa, na alipomaliza akaniambia mume wangu ni mvivu. Mume wangu alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika beseni la maji ya kunawa.

Mwongozaji aliomba kuonana naye. Nilimpeleka Kabuchai mimi. Aliongea kwa adabu, akaomba ruhusa kwa kila mtu, akaeleza kuwa wanatengeneza mchezo kuhusu ubongo na kuhusu mtu ni nani hasa, na kwamba majina hayatatajwa. Kaka alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Igizeni. Lakini msinifanye mfupi."

Kisha mwongozaji akamwuliza mke wa kaka. Yeye na mimi tunaitana mulamwa, kama ilivyo kwetu kwa shemeji. Mulamwa ni mtu wa maneno machache, na nilidhani atasema ni mapenzi ya Mungu, anyamaze. Badala yake akasema, polepole, kama aliyekuwa amelibeba siku nyingi, "Mwenye nyumba alihama. Huyu ni mpangaji. Anakula kwa sahani ya mume wangu na sijui alitoka wapi."

Sikumlaumu. Yeye ndiye anayefua shati lenye chai. Lakini niliona uso wa yule mwongozaji ulivyowaka, na nilijua pale pale kwamba amepata alichokuja kutafuta.

Mchezo ulionyeshwa kwanza Kitale, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa. Tulikaa mbele, kaka katikati yetu. Walikuwa waigizaji wanne waliovaa shati la aina moja, wote wakiwa mtu mmoja. Huyu anasema njaa yake, huyu kumbukumbu yake, huyu aibu yake, na wa nne, mrefu kuliko wote, ndiye anayesema "mimi". Ahadi ya urefu waliitimiza. Nyuma yao ubongo wangu uling'aa chini ya taa. Na yule kijana mrefu aliweza, jamani. Alikuna sikio kama kaka. Alimeza maneno mwishoni mwa sentensi kama kaka. Nilicheka mpaka mulamwa akanigusa.

Ajali ilipofika, walizima ngoma, wakakivuta kile kipande cha mbele. Mlio ule ulipasua ukumbi. Wanawake walishika vifua. Tangu hapo yule mrefu hakusema tena "mimi". Alitolewa shati taratibu, akaondoka jukwaani akiwa amebeba kile kipande juu ya sahani, na akaingia mtu mwingine kabisa, ambaye hatukuwa tumemwona, akalivaa lile shati likiwa bado na joto, akakaa mezani. Mwigizaji wa mke akamtazama, akasema maneno ya mulamwa neno kwa neno. Taa zikazimwa.

Watu walisimama kupiga makofi. Hata mimi nilisimama, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri na mishono yangu haikuachia. Hasira ilikuwa bado njiani.

Taa zilipowashwa mwongozaji alisema kuna mjadala, na kwamba leo tumebarikiwa kwa sababu mwenye hadithi yuko hapa ukumbini. Alitushukia na kipaza sauti. Akamwuliza kaka kwa sauti ya upole kama anajihisi ni yule wa kabla ya ajali ama ni mtu mwingine. Kaka akakishika kipaza sauti, akalitazama jukwaa, akasema, "Huyu mke wa kwenye mchezo ni mrembo kuliko wangu."

Ukumbi uliangua kicheko. Mwongozaji hakucheka, nampa haki hiyo. Aliwageukia tu watu akasema neno moja, kwa utulivu, kama mwalimu anayeonyesha ramani: "Breki."

Neno hilo moja ndilo ambalo sijaweza kulisamehe. Alikuwa ameuliza swali kubwa kuliko yote ambayo mtu anaweza kuulizwa, na alipopewa jibu hakulisikia kama jibu. Alilisikia kama dalili. Labda lilikuwa dalili. Sijui. Lakini mulamwa alikuwa amekiweka kibeti chake mapajani, anafungua zipu na kuifunga, anafungua na kuifunga, na hakuna aliyemgeukia yeye kueleza ni sehemu gani ya ubongo inauma mtu akichekwa hivyo.

Baadaye mchezo ulikwenda Kibabii, na huko ndiko shida yangu ilikoiva. Habari zilikuwa zimefika nyumbani kwamba kaka anaigizwa, na baba yangu mdogo, ambaye ndiye msemaji wa boma letu tangu baba afe, alivaa koti akaenda kujionea. Alinipigia simu kesho yake.

Ilikuwa mwaka wa tohara, na kijana wangu alikuwa ameomba kwenda jandoni. Kwetu mtoto haendi kwa kisu mpaka afike kwanza kwa mjomba wake, kaka wa mama. Mjomba anachinja, anakata ukanda wa nyama, tunauita luliki, anamvika mtoto shingoni, halafu anamsemesha maneno makali ya kumpa moyo. Mtoto anarudi kwao mbio na ile nyama shingoni, watu wakimwimbia, na asubuhi anasimama mbele ya kisu. Bila luliki ni kama mtoto asiye na upande wa mama. Na mjomba wa kumvika ni kaka mkubwa. Hakuna mjadala hapo, au hakukuwa na mjadala.

Baba mdogo akaniambia mdogo wetu wa mwisho ndiye atakayevisha.

Nikauliza kwa nini, na kaka yuko hai.

"Mayi," akasema, kama wazee wetu wanavyomwita binti, kwa sauti ile anayotumia msibani, "si hata wale wasomi wamesema? Wamemtoa shati mbele ya watu. Yule aliondoka. Tutamvika mtoto nyama kwa mkono wa mtu ambaye hatumjui?"

Nilimwambia ule ni mchezo. Akasema daktari wa kweli alikuwepo, aliongea baada ya mchezo, akakubali kwa kichwa. Nikasema daktari alikubali kuhusu ubongo, si kuhusu kaka. Akasema, ati tofauti ni gani?

Nilikuwa na tofauti hiyo kifuani, naijua kama ninavyojua kipimo cha bega, lakini maneno yake sikufundishwa. Nilikata simu, nikakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Mwongozaji alikuja siku chache baadaye na ubongo nyuma ya pikapu. Kile kitambaa cha kunata kilikuwa kimechanika kwenye kipande cha mbele, kwa kuvutwa vutwa. Nilimwambia aketi. Nilimweleza yote nikiwa nashona, bila kumtazama, kisha nikamwomba jambo moja: aende Kabuchai amwambie baba mdogo kwamba mchezo ni mchezo.

Alisema anasikitika sana. Alisema sanaa haitoi hukumu, wao waliuliza swali tu.

"Yeye amesikia jibu," nikasema.

"Mama, siwezi kuingilia mambo ya ukoo. Hapo si mahali pangu."

"Ulipoingia kuchukua palikuwa mahali pako. Kurudisha ndiyo si mahali pako?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa awe, kazi yangu ya kumchukia ingekuwa rahisi. Alisema anaweza kuondoa yale maneno ya mpangaji, abadilishe mwisho. Nikamwambia watu wa Kibabii wameshaenda nayo nyumbani. Alisema labda mimi mwenyewe naogopa kukubali kwamba kaka yangu wa zamani hayupo, na hasira ni njia ya kuomboleza. Alilisema kwa upole. Nililiwaza siku nyingi baada ya hapo, na huenda alisema kweli. Lakini siku hiyo nilikaza uzi, nikakata kwa meno, nikampa ubongo wake. Ulikuwa umeshonwa vizuri. Sikutaka aseme nilimharibia kazi.

Agosti ikafika. Mama wa mtoto hukaa nyumbani siku ya luliki, apike. Wanaokwenda ni mtoto na wenzake wa kuimba. Nyumbani kwa mume wangu, mtoto alikotahiriwa, ni upande wa Webuye. Niliwaachia mashemeji sufuria, nikapanda bodaboda, nikafika Kabuchai kabla ya msafara.

Fahali alikuwa ameshachinjwa. Mdogo wetu amesimama na ule ukanda wa nyama mikononi, mikono imenyooshwa mbele kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Kaka alikuwa amepewa kazi ya kufukuza mbwa. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu mkubwa wa boma, na fimbo, anafukuza mbwa kwa bidii.

Kijana wangu aliingia na msafara wake, njuga zikilia, amepakwa unga kifuani. Nikasimama mbele yake. Nilisema kwamba kama si mjomba wake mkubwa, mtoto anarudi bila nyama.

Nyimbo zilikatika. Mtu nyuma akauliza, "Ati anasema nini huyu?" Mwingine akamjibu nimerukwa na akili, bana, ni ugonjwa wa nyumba hii.

Baba mdogo alinishika mkono, akanivuta kando, na hakunipigia kelele. "Mayi, nisikize. Neno la mjomba siku ya leo halirudi. Ikimtoka moja ya zile zake, itamkaa mtoto maisha yote. Utamlaumu nani?"

Lilikuwa neno la haki. Hofu yake haikuwa ya mchezo tu. Alikuwa anamhofia mwanangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelala nikihofia hilo hilo. Nikamwambia nitajilaumu mimi. Nikamwambia kaka huyo ndiye aliyezaliwa mbele yangu kwa mama, na hakuna mwingine aliyekuja kuzaliwa pale alipogonga jiwe.

Sijui kama hilo lingemshinda. Halikupata nafasi. Mdogo wetu alikuwa amevuka ua, amemfikia kaka kule kwa mbwa. Akampa ile nyama. Akatugeukia akasema, "Mimi nilisema toka mwanzo sitaki."

Kaka aliiangalia ile nyama. Akatupa fimbo, akaja, akamvika mwanangu shingoni, akaisawazisha vizuri ikae katikati ya kifua. Kisha akampiga kofi la kifua, kama desturi. Hapo ndipo mjomba husema, wewe mwoga, katika nyumba hii hakuna aliyewahi kupepesa jicho, ukitikisika usirudi hapa. Kaka alikuwa bingwa wa maneno hayo. Aliwavika watoto wa dada zetu wengine kabla ya ajali, na watu walikuwa wanakuja kutoka vijiji vingine kumsikiza.

Akasema, "Unatetemeka."

Mtoto akaishika ile nyama kifuani.

"Hata mimi nilitetemeka. Nilijikojolea usiku wake, mama akaficha blanketi. Kesho simama tu. Inauma, halafu inaisha. Kuna zingine haziishi."

Hakuna mjomba aliyewahi kusema hivyo katika boma hilo. Baba mdogo aliweka kiganja mdomoni. Kaka akamgeuza mtoto kwa mabega, akamsukuma kuelekea langoni, na kwa muda hakuna aliyejua kama kuna la kuimba. Kisha mtoto mwenyewe akatikisa njuga, na wakaondoka.

Asubuhi yake alisimama. Sisemi ni kwa sababu ya maneno yale. Watoto wengi husimama. Baba mdogo anasema alisimama licha ya maneno yale, na mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa kidole kimoja cha mkono. Naye sina namna ya kumthibitishia.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ile ya luliki, msafara ulipokwisha kwenda, mimi na mulamwa tukiwa mferejini tunaosha matumbo ya fahali. Nilikuwa bado na hasira na ushindi, vyote pamoja. Nilimwambia ameona sasa, kaka amemvika mtoto, na hakuna aliyekufa.

Aliendelea kumwaga maji.

"Mara ngapi ametuhadithia jinsi alivyosimama bila kupepesa?" akaniuliza.

"Kila mwaka wa tohara."

"Mume wangu asingesema vile leo. Hata umuue."

"Kwa sababu alikuwa anatudanganya," nikasema. "Huyu amesema kweli. Ni yule yule, ila ameacha kutudanganya."

Mulamwa aliweka sufuria chini. Alinitazama bila ubaya wowote.

"Mimi," akasema, "nilikuwa nampenda yule aliyekuwa ananidanganya."

Nilikuwa na maneno, na yalikuwa makali, na mengine yalikuwa ya kweli. Sikuyatoa. Akainua tena ile sufuria akaanza kumwaga, na mimi nikaendelea kugeuza utumbo ndani nje, ndani nje, mpaka maji yakatoka meupe.